Liege & Lief au Basket of Light: uanze na ipi?

Albamu hizi zote mbili zilirekodiwa London. Zote mbili zilitoka mwaka 1969, moja Oktoba na nyingine Desemba. Kila moja ina mwanamke mmoja mbele ya maikrofoni na wanaume nyuma yake, na kila moja imechukua nyimbo za mababu wa Uingereza na kuzivisha nguo mpya. Wapenzi wa roki ya asilia, yaani roki iliyojengwa juu ya nyimbo za jadi, huziweka jirani kana kwamba ukiipenda moja basi nyingine nayo utaipenda tu. Si hivyo. Mtu akipewa isiyomfaa huizima kwenye wimbo wa pili na kutangaza kwamba Wazungu hawa wanaomboleza tu, na hapo umempoteza moja kwa moja.

Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka asimalize bando. Kama masikio yako yamelelewa na muziki wa dansi, Sikinde na Msondo, anza na Liege & Lief ya Fairport Convention. Kama yamelelewa na taarab asilia, ile ya fidla, udi na kanuni, anza na Basket of Light ya Pentangle. Aliyekulia kwenye Bongo Fleva peke yake naye ana mlango wake, nitaufikia huko chini.

Mchezo huu tunaujua

Bendi ya magitaa ya umeme kuchukua ngoma ya wazee na kuiingiza ukumbini si habari mpya Dar es Salaam. Sikinde ilikuwa ngoma ya Wazaramo kabla haijawa mtindo wa Mlimani Park Orchestra, bendi iliyoanza mwaka 1978. Msondo nayo ilikuwa ngoma ya unyago kabla bendi ya chama cha wafanyakazi, iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, haijaifanya kitambulisho chake. Watu walicheza, wakaagiza vinywaji, wakaendelea kucheza. Sidhani kama kuna aliyeitisha kikao kujadili iwapo mzimu wa ngoma umekasirishwa na amplifaya.

Uingereza ya miaka ya 1960 vikao vilikuwepo. Nyimbo za jadi zilikuwa na klabu zake, mara nyingi chumba cha juu cha baa, na baadhi ya wenye klabu hizo walikuwa wakali kweli kweli: gitaa la umeme kwao lilikuwa kuchafua mila. Albamu hizi mbili ni majibu mawili kwa ukali huo. Fairport walichomeka waya ukutani na kuongeza sauti. Pentangle walibaki na ala kavu, wakaandika mpaka kwenye jalada kwamba ala zote zilizopigwa humo hazina umeme, lakini wakaingiza jazi na bluzi kwa mlango wa nyuma.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu kingine.

Fairport na miezi ile baada ya ajali

Tarehe 12 Mei 1969 gari la Fairport Convention lilikuwa likirudi London kutoka kwenye onyesho Birmingham. Lilipata ajali kwenye barabara kuu ya M1. Mpiga dramu Martin Lamble alifariki akiwa na miaka 19, na pamoja naye Jeannie Franklyn, mpenzi wa mpiga gitaa Richard Thompson. Bendi ilikaribia kuvunjika. Walipoamua kuendelea, waliamua pia kutorudia zile nyimbo walizozipiga na marehemu. Walikodi nyumba kijijini Farley Chamberlayne, Hampshire, wakakaa huko majira ya joto wakifanya mazoezi. Mpiga besi Ashley Hutchings alijifungia na makaratasi ya Cecil Sharp House, makao ya chama cha ngoma na nyimbo za jadi za Kiingereza jijini London, akitafuta tungo za kale zinazoweza kubeba uzito wa dramu.

Waliongezwa watu wawili, na ni hao wawili wanaonifanya niipeleke albamu hii kwa watu wa dansi. Wa kwanza ni Dave Swarbrick, mpiga fidla aliyekuwa tayari na jina kubwa kwenye zile klabu. Wa pili ni Dave Mattacks, mpiga dramu aliyetokea kwenye bendi za kumbi za dansi na ambaye nyimbo za jadi zilikuwa ngeni kwake. Kwa kuwa hakuwa na mazoea nazo, hakuzipapasa kwa heshima ya makumbusho. Alizipigia dramu nzito, za mkao mmoja, zisizo na haraka, kama mtu anayejua kwamba kuna watu ukumbini wanataka kusogeza miguu. Kila bendi ya roki ya asilia iliyokuja baadaye Uingereza imeishi chini ya kivuli cha dramu zile.

Mwimbaji ni Sandy Denny, gitaa la pili analo Simon Nicol, mtayarishaji ni Joe Boyd, na kampuni ni Island. Ilikuwa albamu yao ya tatu mwaka huo huo. Ilifika namba 17 kwenye chati za Uingereza, na haikupita muda Denny na Hutchings wakaondoka, kila mmoja kwenda kuunda kundi lake. Yaani kikosi hiki kilichobadilisha muziki wa nchi nzima kilidumu miezi michache tu.

Subiri chemko

Wimbo wa kupimia Liege & Lief ni Matty Groves, dakika nane na sekunde chache. Kisa chenyewe: mke wa bwana mkubwa anakwenda kanisani siku ya sikukuu, anamwona kijana Matty Groves, anamkaribisha nyumbani kwa sababu mume yuko mbali mashambani. Mtumishi anasikia, anakimbia, anakutana na mto, anaogelea, anafikisha umbea. Mume anawakuta kitandani. Anamwambia Matty avae nguo, hataki isemwe nchini kwamba aliua mtu aliye uchi. Ana panga mbili. Anampa Matty lililo bora. Matty anapiga pigo la kwanza, bwana anapiga la pili, na Matty hapigi tena. Kisha anamuuliza mke: unampenda nani sasa, mimi au huyu? Mke anajibu kwamba afadhali busu moja la Matty aliyekufa kuliko mume na mali zake zote. Unaweza kukisia kinachofuata. Mwisho bwana anaagiza wazikwe kaburi moja, ila mke awekwe juu kwa kuwa ndiye wa ukoo bora. Hata maiti zinapangwa kwa daraja.

Kisa kimejengwa kwa beti za mistari minne, mahadhi yale yale kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kiitikio. Msikilizaji wa pop ya kisasa hapa huchoka, anangoja korasi ambayo haiji. Lakini aliyewahi kukaa akasikiliza utenzi ukighaniwa hahitaji korasi. Anafuata kisa, na mahadhi yakijirudia yanamtuliza badala ya kumchosha. Denny anaimba bila kuigiza. Hapazi sauti mtu anapouawa, hanong'oni penye siri. Anasimulia tu, kama shahidi aliyekwisha ulizwa mara nyingi.

Halafu, hadithi ikiisha, hawafungi wimbo. Wanageuza. Kwa zaidi ya dakika tatu za mwisho hakuna maneno. Gitaa la Thompson na fidla ya Swarbrick vinashika mbio, Mattacks anawasukuma kwa nyuma. Mtu wa dansi anakijua kipande hiki kwa jina lake: ni chemko. Nyimbo za Sikinde na Msondo zimejengwa hivyo hivyo, sehemu ya kwanza ya pole pole inayosimulia jambo, ndoa imevunjika au rafiki amesaliti, kisha magitaa yanachukua ukumbi na wanaosikiliza wanageuka kuwa wanaocheza. Fairport hawakujifunza kwetu, na sisi hatukujifunza kwao. Lakini masikio yaliyozoea kusubiri chemko yataivumilia Matty Groves pale ambapo mengine yatashindwa. Mjomba wangu, mtu wa Msondo tangu enzi za JUWATA, aliisikiliza yote akiwa kimya, kisha akaniambia: "Mjomba, hawa wamechelewa kuchemka, lakini wamechemka."

Tofauti ipo, na ni vizuri kuijua mapema. Kwenye dansi magitaa matatu au manne yanafumana, solo juu, rizimu katikati, na raha iko kwenye mfumano wenyewe. Fairport hawafumi. Fidla na gitaa la solo vinashindana, kimoja kinampokonya mwenzake neno. Ukisikiliza ukitafuta rizimu ya Msondo utaona pengo. Ukisikiliza mashindano utaridhika.

Wimbo wa pili kwa ukubwa ni Tam Lin, dakika saba na zaidi. Msichana Janet anamkomboa mpenzi wake aliyechukuliwa na malkia wa majini. Masharti ni kwamba amkumbatie usiku wa manane wakati majini wanambadilisha awe mnyama huyu na yule, na asimwachie. Hapa hakuna chemko. Kuna kipande kimoja cha gitaa, kizito na chenye kona kali, kinachorudi baada ya kila fungu la beti. Ukikipenda hicho umeipenda roki yote ya miaka ya 1970. Usipokipenda, ruka.

Nyimbo nyingine nazipitia upesi. The Deserter ni askari anayetoroka jeshini na kusalitiwa, mara na mwenzake, mara na mchumba wake, hadi mtoto wa kifalme anapomwokoa. Nyepesi na tamu. Reynardine ni ya pole pole mno kwa mtu anayesikiliza barabarani. Farewell, Farewell ni fupi, mashairi ya Thompson kwenye mahadhi ya zamani, na Crazy Man Michael, shairi lake jingine ambalo Swarbrick alilitilia muziki, inamhusu mtu anayemuua kunguru kisha anagundua kwamba ndiye mpenzi wake. Wasikilizaji wengi huiunganisha na ajali ile ya Mei. Sihitaji kuiunganisha na chochote, inatosha yenyewe. Kile kipande cha ngoma za fidla tupu katikati ya upande wa pili ni cha kuchezea, na ndicho ninachokipenda kidogo kuliko vyote.

Pentangle: watu watano, kila mmoja fundi

Sasa hamia upande wa pili wa barabara. Pentangle walianza mwaka 1967 na kila aliyekuwemo alikuwa na sifa zake kabla ya kundi. Bert Jansch na John Renbourn walikuwa wapiga gitaa kavu, galatoni kama wazee wetu wanavyoliita, na walikuwa wamekwisha rekodi albamu pamoja. Danny Thompson kwenye besi kubwa ya kusimama na Terry Cox kwenye dramu walipita kwa Alexis Korner, mzee wa bluzi wa London. Jacqui McShee aliimba. Mtayarishaji alikuwa Mmarekani Shel Talmy, mtu aliyetoka kuzitengenezea The Kinks na The Who nyimbo za kelele, jambo ambalo huwezi kulikisia ukisikia jinsi albamu hii ilivyo tulivu.

Basket of Light ilitoka Oktoba 1969 kwa kampuni ya Transatlantic na ikafika namba 5. Haikufika huko kwa bahati. Wimbo wake wa kwanza, Light Flight, ulitumika kufungulia Take Three Girls, tamthilia ya BBC kuhusu wasichana watatu wanaoishi nyumba moja London. Kila wiki nchi nzima iliusikia. Na hapa kuna jambo la kuchekesha: wimbo uliopenya mpaka sebuleni kwa kila mtu una hesabu za midundo zinazoteleza, tano, saba, sita, na hakuna mtazamaji aliyelalamika. Jaribu kuupigia makofi. Utakosea, utaanza upya, utakosea tena.

Ndiyo maana nasema ni albamu ya mtu wa taarab. Taarab asilia humfundisha msikilizaji kusikiliza ala moja moja. Unajua sasa anapiga wa udi, sasa kanuni inajibu, sasa fidla zinaingia zote kwa pamoja, na besi ile kubwa ya kusimama inashikilia chini bila kujionyesha. Unajua kukaa kitako na kustahi. Pentangle wanataka kusikilizwa namna hiyo hiyo. Kwenye Once I Had a Sweetheart, Renbourn anaweka gitaa chini na kushika sitar ya Kihindi, na sitar ile haitangulii sauti ya McShee wala haikai kimya. Inaifuata nyuma kidogo, kwa adabu. Mwenye masikio ya gambusi na udi haoni ugeni wowote hapo.

House Carpenter ndiyo inayofunga albamu, na kwa mtu wa pwani kisa chake ni cha nyumbani. Mwanamke ameolewa na seremala, ana mtoto mchanga. Mpenzi wa zamani anarudi kutoka baharini na kumwahidi makubwa. Mwanamke anambusu mtoto, anaondoka na mpenzi huyo, chombo hakifiki mbali kinazama. Kisa hiki kinatoka kwenye mkusanyiko ule ule wa tungo 305 uliotengenezwa na Francis James Child, profesa wa Harvard, mwishoni mwa karne ya 19, humo humo zilimo Matty Groves na Tam Lin. Lakini linganisha wanavyofanya kazi. Fairport wangekipa dramu na umeme, bahari ichafuke tuione. Pentangle wameweka banjo ya Jansch na sitar ya Renbourn, na dhoruba iko kwenye vidole tu.

Wimbo ninaoupa uzito kuliko yote ya albamu zote mbili, hata hivyo, si huo. Ni Lyke-Wake Dirge. Ni wimbo wa kukesha na maiti, wa kaskazini mwa Uingereza, na maneno yake yaliandikwa karatasini tangu karne ya 17. Sauti zenyewe ndizo zinazobeba wimbo, zimepangwa kama kwaya ya watu wachache. Roho ya marehemu inaambiwa safari iliyo mbele yake. Itafika nyika ya miiba: kama duniani ulimpa mtu viatu, utakuta viatu vyako hapo, uvae upite, kama hukutoa, miiba itakuchoma hadi mfupani. Ikivuka hapo inafika kwenye daraja la kutisha. Mwislamu wa Kariakoo atakayesikia hayo atakumbuka Sirati kabla beti haijaisha, na sadaka aliyoambiwa itamtangulia. Mkristo atakumbuka "nilikuwa uchi mkanivika." Hakuna anayehitaji kufafanuliwa. Ni dakika tatu na nusu, na ni afadhali usiusikilize ukiwa peke yako kama una msiba wa karibu.

Udhaifu nao upo. Hunting Song, inayohusu pembe ya kunywea yenye uchawi, inazunguka sana, na ikifika dakika ya tano nakuwa nimeangalia saa. Sally Go Round the Roses ni wimbo wa wasichana wa Kimarekani, The Jaynetts, wa mwaka 1963. Umepigwa vizuri lakini unakaa humo kama mgeni wa harusi asiyejulikana ni wa upande gani. Liege & Lief haina wimbo wa namna hiyo. Nyimbo zake nane zinasukumana kuelekea mahali pamoja, hata zile ninazoziruka.

Sauti mbili

Mara nyingi watu huchagua kwa mwimbaji, na hawakosei.

Jacqui McShee ana sauti ya juu, nyembamba, safi, isiyo na mkwaruzo hata chembe. Hakai juu ya ala, yumo kati yake kama ala ya tano. Sandy Denny yuko chini zaidi, sauti yake ina pumzi, ina vumbi kidogo mwishoni mwa maneno, na anajua kuchelewa: anaacha dramu zitangulie nusu hatua kisha anaweka neno. Kwa maoni yangu Denny ni mwimbaji mkubwa zaidi, na si kwa tofauti ndogo. Alifariki mwaka 1978 akiwa na miaka 31, na bado hakuna aliyekalia kiti chake. Ila McShee ndiye utakayeweza kumsikiliza asubuhi bila kubadilika hali ya moyo. Denny huwezi kumweka kama muziki wa kupigia pasi nguo, utaunguza.

Unasikilizia wapi?

Hapa Dar swali hili lina uzito kuliko nyota za wahakiki.

Kwenye daladala ya Mbagala, au ndani ya mwendokasi mmebanana, Basket of Light haipo. Sehemu zake za chini zinamezwa na injini, besi ya Danny Thompson inapotea kabisa, unabaki na sauti nyembamba na kitu kinacholia kwa mbali. Ukiongeza sauti, kipande kifuatacho kinakupasua. Liege & Lief inastahimili foleni. Dramu na gitaa la umeme vinapita juu ya honi na kondakta. Kwenye kivuko cha Kigamboni, ukipata upande wa upepo, zote zinawezekana.

Nyumbani mambo yanapinduka, ila angalia sabufa lako. Wengi tunaliacha limefunguliwa besi mpaka mwisho kwa ajili ya singeli na amapiano. Ukiweka Pentangle humo, besi ile ya mti inageuka mvumo mmoja usio na noti, na utadhani waliorekodi ndio wabovu. Punguza besi mpaka karibu na katikati, usikilize tena Train Song. Utasikia vidole vikiachia uzi, na pale Danny Thompson anaposhika upinde utasikia garimoshi. Saa tano usiku, jenereta za jirani zimezimwa na baa ya mtaa imechoka, hakuna albamu ya kuishinda. Fairport kwa saa hizo ni wa kugombana na wapangaji wenzako.

Kama watoto wapo sebuleni na wanaelewa Kiingereza, kumbuka kwamba Matty Groves ni zinaa na mauaji mawili. Pentangle nao wana vifo vyao, lakini vimefunikwa zaidi.

Aliyekulia kwenye Bongo Fleva

Sikiliza Light Flight, kisha Tam Lin, mfululizo. Ya kwanza ni dakika tatu na ushei, ina kishikio kinachobaki kichwani. Ya pili ni ndefu, lakini ule mrudio wa gitaa unafanya kazi ile ile ambayo biti inafanya kwenye wimbo wa leo. Kesho yake utajikuta unaimba moja kati ya hizo bila kukusudia. Chukua albamu yake.

Kuna na wale ambao Kiingereza cha kale kitawakera hata wafanyeje, na siwalaumu, kwa sababu maneno mengine humo hata Waingereza wenyewe wanayatafutia kamusi. Kwa hao kuna mlango wa nyumbani: Assembly, albamu ya Hukwe Zawose wa Dodoma na mpiga gitaa wa Kanada Michael Brook, iliyotolewa na Real World mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilimba na zeze za Wagogo zimekutanishwa na gitaa na mashine. Si roki ya asilia kwa maana ya Fairport, na kuna mahali mashine zinamzidi mzee sauti. Lakini ukitoka hapo kwenda Liege & Lief, hutaona tena kwamba umevuka bahari. Na kama baada ya yote utataka kitu cha katikati, chenye umeme wa Fairport lakini bila dramu kabisa, Hutchings aliunda Steeleye Span, na Please to See the King ya mwaka 1971 ndiyo hiyo.

Kabla hujapakua

Albamu zote mbili ni za dakika arobaini hivi. Kwa ubora wa juu wa programu nyingi za muziki, ule wa kilobiti 320 kwa sekunde, kila moja itakula kama megabaiti 100. Kwa ubora wa chini ni chini ya theluthi moja ya hapo. Liege & Lief unaweza kuipakua kwa ubora wa chini ukaifurahia. Basket of Light usifanye hivyo: yenyewe ni vidole na uzi, na ubora wa chini unakula kwanza vitu hivyo. Afadhali uisubiri waifai ya mtu.

Santuri halisi ni suala la mtu anayerudi kutoka Uingereza kukubebea, na joto na unyevu wa pwani havina huruma nazo. Zisimamishe wima, mbali na dirisha.

Angalia pia toleo. Matoleo mapya ya zote mbili yana nyimbo za nyongeza mwishoni. Ile Liege & Lief iliyosafishwa mwaka 2002 ina mbili, Sir Patrick Spens na The Quiet Joys of Brotherhood, na ya pili kati ya hizo Denny anaimba vizuri mno. Lakini zilibaki nje mwaka 1969, na albamu ilipangwa iishie kwenye Crazy Man Michael. Mara ya kwanza zima hapo. Kwa Basket of Light, zima baada ya House Carpenter.